Kiganja Begani

Mbunifu alianza na miguu, kama ilivyo desturi yake anapomwondoa mtu kwenye picha. Miguu ni kazi nyepesi: sakafu iko kulia, sakafu iko kushoto, unachota huku unaziba kule. Kichwa huachwa mwisho, maana nyuma ya kichwa hakukosi kitu cha kusumbua, pazia au waya wa taa.

Picha ilikuwa ya jalada la albamu mpya. Mbele alikuwa ameketi Mwenye Bendi, ndani ya koti la zambarau, na nyuma ya kiti walisimama wanamuziki wake. Aliyekuwa karibu naye kabisa, mkono wa kulia begani pa Mwenye Bendi, ni mpiga gitaa waliyemwita Kidole kwa sababu ya ukucha mrefu wa dole gumba aliopigia nyuzi. Kidole ndiye aliyetunga nyimbo zote za albamu ile. Alikuwa pia mdogo wake mbunifu, tumbo moja, ziwa moja.

Wiki iliyotangulia Kidole aliomba jambo dogo, kwamba jina lake liandikwe nyuma ya jalada kama mtunzi. Mwenye Bendi alicheka vizuri tu, akamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, na kesho yake Kidole akawa si mwanabendi tena. Sasa Mwenye Bendi alikuwa amekaa nyuma ya mbunifu, kama wateja wanavyopenda kukaa, kiti amekisogeza mpaka pumzi yake inafika sikioni.

"Huyo mtoe," alisema.

Mwenye Bendi hakuwahi kumgombeza mtu. Alikuwa na tabia ya kumnyoosha mtu kola ya shati huku akizungumza naye taratibu, na watu waliikimbia tabia hiyo kuliko matusi. Mpiga tarumbeta mmoja alipoacha bendi alinyooshewa kola pale mlangoni, na tangu siku hiyo hakuna ukumbi uliomfungulia. Siku hizi anapuliza filimbi kwenye mechi za watoto wa shule.

Miguu ilipokwisha, simu ya mbunifu ikaita. Alikuwa Kidole, yuko nyumbani kwa mama.

"Dada, miguu yangu siioni," alisema. "Viatu vipo. Soksi zimelala humo ndani."

"Unasikia maumivu?"

"Hapana. Mama anasema nisisimame kwanza."

Mbunifu alibonyeza kitufe cha kurudi nyuma hatua moja. Vigae vikaondoka kwenye picha, viatu na suruali vikarudi.

"Imerudi," alisema Kidole.

"Mbona unarudi nyuma?" aliuliza Mwenye Bendi.

Bosi wa uchapaji alitoka kwenye mashine akijifuta wino kwa kitambaa. Bendi ile ilikuwa inampa kazi zote: majalada, mabango, stika, fulana, hata vipeperushi vya kutupa sokoni. Mbunifu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anayefutwa ni mdogo wake na kwamba miguu yake imeanza kupotea.

"Pole sana," alisema Bosi, na alisema kwa moyo. "Lakini tusimchoshe mgeni."

Basi mbunifu akapiga hesabu yake. Katika kazi ile, picha hupangwa kwa matabaka, kama mashuka juu ya kitanda, na ukitaka unaweza kukificha kitu chini kabisa kisionekane huku kipo. Aliweka nakala ya mdogo wake kwenye tabaka la mwisho, akaifunika. Alikusudia amfute juu, mteja aridhike aende zake, halafu amfunue. Alisogea pembeni, akamweleza kwenye simu kwa kunong'ona.

"Kaa kitandani, ufumbe macho. Nitakurudisha jioni."

"Sawa, dada. Mama anauliza nile sasa au baadaye."

"Kula sasa."

Akaanza upya. Aliondoa miguu, kiuno, shati la mistari, akaondoa kivuli ukutani, na hata ule mng'ao mdogo wa uso wake uliokuwa kwenye shaba ya saksafoni. Aliogopa, lakini kazi aliifanya vizuri, maana hakujua namna ya kuifanya vibaya. Alipomaliza kichwa, mama alikuwa ameishika simu.

"Amekwisha," alisema mama. "Kijiko kimeanguka."

Mwenye Bendi alitazama kioo, akasema safi. Hakuna aliyekiona kiganja. Siku chache nyuma, kwa ajili ya mabango, mbunifu alikuwa amemkata Mwenye Bendi peke yake akamweka kwenye tabaka lake, na kiganja kilichokuwa begani kilikatwa pamoja na koti. Kwa kompyuta, kile kilikuwa sehemu ya koti. Mdogo mtu alipoondolewa, kiganja kilibaki na mwenye koti, kimetulia, ukucha wa gumba umechomoza mbele. Mwenye Bendi alikuwa anautazama uso wake mwenyewe, Bosi alikuwa anatazama saa, na mbunifu alikuwa haoni vizuri kwa machozi.

Adabu ilimtaka amsindikize mteja mpaka kwenye gari. Pale nje Mwenye Bendi alimnyoosha kola, akamshukuru. Mbunifu aliporudi ndani, Bosi alikuwa amekalia kiti chake. Bosi naye alikuwa na desturi: kazi ikishakubaliwa, anayabana matabaka yote yawe picha moja, kisha anaihifadhi juu ya ile ya zamani. Alijifunza hivyo mwaka ambao tabaka la tarakimu liliteleza na kalenda ya shule moja ikatoka na miezi yote, picha ya mwalimu mkuu, na hakuna tarehe hata moja.

"Nimeshabana," alisema kwa furaha ya kusaidia. "Sahani za kuchapia ziko tayari."

Mbunifu alipiga vitufe vyote anavyovijua. Akampigia mpiga picha, na mpiga picha akaenda kwenye kamera yake, akarudi, akasema kwamba nyuma ya kiti kuna nafasi, yeye alidhani ndivyo walivyojipanga. Mbunifu alikwenda nyumbani kwa mama. Ukutani, kwenye picha ya darasa la mdogo wake, watoto walikuwa wamebanana kwenye benchi na katikati wameacha pengo la mtu mmoja. Mama alikuwa anaosha kile kijiko. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mama hakusema hivyo. Alisema tu kwamba kitanda atakiacha kama kilivyo.

Mwenye Bendi alikigundua kiganja asubuhi ya siku ambayo mabango yalibandikwa. Alikuwa ananyoa ndevu. Kilikuwa begani kwake, upande wa kushoto, cha moto, kisafi, kimeishia mahali ambapo saa huvaliwa. Alikivuta, hakikutoka. Daktari alikipima mapigo akasema ni kiganja chenye afya. Fundi cherehani akapewa makoti yote ayapanue bega moja, na mambo yakaishia hapo.

Watu wakapenda. Walikiona kwenye mabango, kisha wakakiona jukwaani, wakasema huyu bwana anajua kujitangaza. Vijana wakaanza kujaza glavu pamba na kuzishonea kwenye mabega ya mashati. Wazee wachache walisema kikulacho ki nguoni mwako, halafu nao wakanunua albamu, wakacheza. Nyuma ya jalada iliandikwa kwamba nyimbo zote zimetungwa na Mwenye Bendi.

Kiganja kilikuwa hakikai kimya. Jioni kilianza kugongagonga begani, dole gumba likipiga besi, vidole vingine vikizunguka, na Mwenye Bendi aligundua kwamba akituliza bega anapata wimbo mzima, tangu mwanzo mpaka kiitikio. Akawa anaegesha simu begani na kurekodi. Alisema mwenyewe, bila aibu, kwamba Kidole hajawahi kufanya kazi vizuri namna ile alipokuwa na mdomo.

Ila kucha zilikua, na ule wa gumba ulikuwa unachana hariri. Mwenye Bendi hakupenda kuushika. Ndipo mama akaanza kwenda kwake kila Jumamosi, na mkasi mdogo kwenye mkoba. Alipewa kigoda. Mwenye Bendi alikunywa chai na kusoma gazeti huku mama akikata kucha nne, na ule wa tano akiupunguza kidogo tu na kuulainisha kwa tupa, kwa sababu ni wa gitaa. Akimaliza alikipaka mafuta, akakishika kidogo. Kilimshika pia. Halafu aliaga, akarudi nyumbani kwa miguu kwa kuifuata ile barabara ya malori.

Mbunifu alimsikiliza mama akieleza hayo, na ndani ya hofu yake kikaingia kitu kingine. Kama kufuta kulimpoteza, labda kuchora kungemrudisha. Saa ya chakula, Bosi akiwa ametoka, alifungua jalada kwenye kompyuta, akakuza bega, akaanza kuchora kifundo cha mkono. Alimwuliza mama kwenye simu kovu la pasi lilikuwa upande gani.

"Wa ndani," alisema mama. "Lina umbo la jani."

Jumamosi ile mama alirudi na kukaa bila kuvua viatu.

"Kina kifundo," alisema. "Kovu umelisogeza juu kidogo, lakini ni yeye."

Mbunifu alilia kwa furaha mpaka akapata kwikwi. Kila siku alichora kipande, kidogo kidogo, ngozi, mshipa, vinyweleo. Kiwiko kilikuwa kinakaribia. Alikuwa ameshaanza kuwazia bega, shingo na uso, na uso ulimtia hofu, maana hakuwa na picha hata moja ya kumtazamia, na hakuwa na uhakika na sikio la kushoto. Mama alisema sikio tutalijua tukifika. Mama alianza kutandika kitanda.

Mwenye Bendi alikuja mwenyewe, mchana, amebeba picha ya jalada la albamu ya pili. Alivuta kiti akakaa nyuma ya mbunifu. Mkono ulikuwa umemlalia mgongoni chini ya koti, umefika karibu na kiwiko, na ulimfanya akae upande.

"Mkono unaota," alisema.

Mbunifu aliipokea picha, akaiweka mezani.

"Mama yenu alikuja tena Jumamosi. Mtu mzima yule, anavuka barabara ya malori peke yake. Nimemwambia dereva wangu awe anamwangalia." Aliinama mbele akamnyoosha kola, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. "Kiganja kiache, kinanifaa. Kilichozidi, toa."

Bosi alikuwa mlangoni. Alikitazama kitambaa chake cha wino, akarudi kwenye mashine.

Mbunifu alimwona mama mawazoni, akiwa ukingoni mwa barabara, mkoba kwapani, akitazama kulia na kushoto. Akafungua jalada la kwanza, akashika kipanya. Alianza na sehemu ya juu, akashuka. Kovu la jani aliliacha mwisho, kisha akaliondoa nalo, akachota zambarau ya koti akaziba. Nyuma yake Mwenye Bendi alishusha pumzi, kama mtu aliyelegezewa kiatu, akasogea aone vizuri. Aliposogea, kiganja kilimfikia mbunifu.

Kilitua begani kwake. Ukucha ulimgusa shingo. Kikakaa kidogo, halafu kikagonga, mara mbili haraka, kikanyamaza, kikagonga mara moja, na kikarudia. Mbunifu aliujua ugongaji ule. Mdogo wake alipokuwa mtoto na wamemfungia nje kwa utundu, hakupiga kelele wala hakulia. Aligonga mlango hivyo hivyo, taratibu, na kila mara ni dada yake aliyeinuka kwenda kumfungulia.

Hakuinuka. Aliogopa, na hofu ilimkalisha kwenye kiti kama mtoto.

"Usitikisike," alisema Mwenye Bendi. Alitoa simu, akaiegesha karibu na kola ya mbunifu, akarekodi, kichwa kikifuata mapigo. Kiganja kiligonga kwa muda mrefu. "Huu mzuri. Huu ndio utafungua albamu."

Alipotosheka akarudi nyuma, na kiganja kikaondoka naye.

"Sasa andika maneno ya nyuma ya jalada jipya," alisema.

Mbunifu akaandika kwamba nyimbo zote zimetungwa na Mwenye Bendi. Akauliza herufi ziwe nyeupe au za dhahabu.

"Dhahabu," alisema Mwenye Bendi.

Akazifanya za dhahabu, akazikagua moja moja, akamwita Bosi aje abane.