Kikao Kisifungwe

Kaka yangu tulimwita Kelele, na jina lilimkaa sawasawa. Nyumbani yeye ndiye aliyeongea, mimi nilisikiliza. Alipofariki mwezi uliopita, nyumba iliingiwa na ukimya ulionishinda hata mimi niliyeuzoea.

Siku ya kamati kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu sheria ya mto, nilikwenda na wifi yangu, mjane wake. Kelele alikuwa amepigania kifungu kimoja tu: kiwanda kisimwage maji machafu mtoni kabla ya kuyasafisha. Wenye kiwanda cha ngozi walitaka kifutwe.

Tulipofika tukaambiwa kikao kimehamishwa. Hakiko tena kwenye ukumbi mkubwa. Kiko jengo la nyuma, ghorofani, chumba kidogo. Tukapanda hadi mlangoni. Watu wetu wote walikuwa wanasubiri kule ukumbini.

"Wamefanya makusudi," wifi akasema. "Ingia, mimi nikawalete. Wasifunge."

"Nitawazuiaje?"

"Kanuni hairuhusu kufunga wakati mtu anasema. Sema."

"Mimi, wifi?"

"Sasa nimtume nani, kabati?" Akavua viatu, akashuka ngazi mbio.

Nikaingia, nikakaa. Wakili wa kiwanda alimaliza upesi. Mwenyekiti akatazama viti vitupu. "Kama hakuna pingamizi, kifungu kinafutwa na tunafunga."

Nikashika kiti cha mbele, nikajiinua.

"Pingamizi lipo."

Wote wakageuka. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama uzi.

"Kaka yangu alikuwa fundi bomba. Kila nyumba aliyoingia, alinusa bomba kabla ya kushika spana. Alitoa utando mweusi, unanuka ngozi mbichi. Alisema tukiendelea hivi tutaingia kuoga tukiwa watu, tutatoka tukiwa viatu."

Mtu akacheka nyuma. Wakili hakucheka.

"Huyo kaka aliuawa na maji?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua.

"Hapana. Presha."

"Basi msiba wake unatuhusu nini hapa?"

"Unahusu kwa sababu leo angesimama yeye. Nimebaki mimi."

Mwenyekiti akatazama saa. "Pole, mama. Kuna jingine, au tufunge?"

Nikatega sikio. Ngazi kimya. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Lipo," nikasema, bila kujua ni lipi. Nikamtaja muuguzi jirani yetu, ambaye sare zake nyeupe zikifuliwa zinatoka rangi ya chai. Nikataja tangi la shule, ambalo walimu wamelifunga kwa kufuli watoto wasinywe. Maneno yalikuwa ya Kelele, niliyokuwa nikiyasikia mezani bila kujibu. Kumbe nilikuwa nimeyahifadhi yote.

"Na jikoni kwa mama yetu," nikasema, "Kelele alifunga kitambaa kwenye bomba. Kila asubuhi alikifua mwenyewe, kabla mama hajaamka—"

Ngazi zikaanza kutikisika. Mlango ukasukumwa, watu wakajaa hadi kwenye korido, wakihema, kila mmoja akidai nafasi ya kusema. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Kifungu hakingefutwa siku hiyo.

Wifi, miguu mitupu, jasho likimtiririka, akanishika mkono. "Kaa sasa. Wamefika."

"Subiri, wifi," nikamwambia. "Sijamaliza habari ya kitambaa."