Usimshukuru Shangazi Drusilla

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri kifuniko cha birika kilianza kugongagonga juu ya jiko lililokuwa baridi, tik tik tik, kama meno ya mtoto aliyetoka majini. Melvina Durnford alikuwa amelala kwenye kochi la jikoni, maana ngazi za kwenda chumbani zilikuwa zimemshinda tangu Machi. Alinyoosha mguu wa kulia, akasubiri. Haukumbana. Akageuka ubavu, akasubiri tena. Mgongo nao ukamwacha ageuke. Ndipo akajua kwamba Shangazi Drusilla Pardy amekwishapita, na kwamba kile kilichokuwa mguuni mwake sasa kimo ndani ya birika.

Shangazi Drusilla alikuwa amekufa miaka kumi na moja nyuma. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, kama alivyofanya alipokuwa hai. Hapa Ghuba ya Hannam anayepiga hodi ni mgeni au polisi.

Melvina alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama katika kiwanda cha kaa pale gatini, akivunja miguu ya kaa na kuipanga kwenye trei. Sakafu ni ya saruji. Maji ya chumvi yenye vipande vya barafu hupita juu yake kutwa nzima kuelekea mfereji wa katikati. Baridi yake hupenya gambuti, hupenya soksi mbili za sufu, kisha hupanda. Mwanzoni ilimshika vidole tu. Baadaye ukaja mbano. Msuli wa kigimbi ulijikunja ghafla kama ngumi, ukavuta paja, paja likavuta kiuno, naye akabaki amepinda kama ndoana. Uliachia ulipotaka wenyewe.

Hakukaa akilia. Alikwenda kwa daktari wa zahanati, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, akapewa vidonge vilivyolaza kila kitu isipokuwa mbano. Alifundishwa kujinyoosha na mtaalamu aliyemwona kwenye skrini, binti mpole aliyemwambia kila mara, "Pumua, mama," naye akajinyoosha kila asubuhi ameshika sinki. Alikanda kigimbi kwa mti wa kusukumia unga. Alikula ndizi. Alilala na chupa ya maji ya moto. Kila kimoja kilisaidia kidogo, naye hakuacha hata kimoja. Mumewe Selby alimpashia gambuti karibu na jiko kila alfajiri, akizigeuza kama mikate, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo. Na kila Jumatatu ya msimu Melvina alimwandikia meneja barua kuomba mikeka ya mpira ya kusimamia. Alikuwa amefikia barua ya sabini na nne.

Kilichomkaza moyo zaidi ni jambo la Februari. Siku ya ubatizo alikuwa amembeba mjukuu wa rafiki yake Effie Rideout, na mbano ukamshika mbele ya madhabahu. Mikono ikafunguka. Mchungaji alimdaka mtoto kwa upindo wa gauni, akaendelea na sala pasipo kuruka neno. Hakuna aliyemlaumu. Effie alimletea supu siku tatu mfululizo na kusema kwamba mtoto mwenyewe ni mzito kama gunia la viazi. Lakini tangu siku hiyo Melvina hakumshika mtoto wa mtu, na bintiye Corinna alikuwa anakuja mwezi wa Julai kutoka Alberta na kichanga cha miezi mitatu. Melvina alikuwa ameazimia kukipokea mlangoni, amesimama, kwa mikono yake miwili.

Shangazi alianza kuja mwezi wa Mei. Wakati wa uhai wake alikuwa na mkono. Aliondoa maumivu ya meno, akazuia damu ya jeraha, akafuta sugu na chunjua. Sharti lilikuwa moja, kwamba asilipwe wala asishukuriwe. Ukisema asante, ulichoondolewa hurudi. Melvina alipokuwa na miaka tisa alisema asante kwa kuwa mama yake alikuwa amemfunza adabu, na jino likamrudia kabla hajafika getini. Basi watu wa Ghuba wakawa na namna zao. Walimwambia Shangazi, "Upepo umegeuka," au, "Utapita tena?" naye akaelewa.

Alfajiri ile ya kwanza aliketi ukingoni mwa kochi na koti lake la mvua, akauweka mguu wa Melvina mapajani. Mikono yake ilikuwa ya baridi, ila haikuishinda sakafu. Alilitafuta fundo kwa kidole gumba, akalipata, akalivuta polepole kama mtu anayefumua wavu uliosokotana. Akalitia ndani ya birika, akafunika.

"Bado mnasimama palepale?" aliuliza.

"Palepale."

"Na mikeka?"

"Wanasema mwakani, Shangazi."

"Hata mimi waliniambia mwakani."

Kulipokucha Selby alilitazama birika linavyotetemeka, akachemsha chai kwenye sufuria. Melvina alilibeba birika mpaka gatini, akamwaga. Maji yalikunjana kidogo, kamba ya mashua moja ikashtuka, kisha bahari ikatulia.

Effie hakuchelewa kuona. Alisimama mkabala naye mezani, kaa katikati yao, akamkagua toka kofia mpaka buti.

"Leo umenyooka kama mlingoti. Umemeza mwiko?"

Melvina akamweleza.

"Na mimi je?" Effie akasema. "Au maiti wako huyo anachagua watu?"

Hakuwa anachagua. Melvina alimwomba, na kufikia katikati ya Juni Shangazi Drusilla alikuwa anapita nyumba kumi na moja, kila moja kwa mlango wa nyuma. Kabla ya mapambazuko ungesikia vifuniko vikigonga kando ya barabara nzima, jiko kwa jiko, kuelekea gatini. Asubuhi wanawake kumi na mmoja walishuka na mabirika yao, wakamwaga, wakaingia kazini. Anayetaka chai alitumia sufuria.

Meneja, Bwana Whitcombe, alikuwa amefika kutoka Ontario mwanzo wa msimu. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alijua siku ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi, na siku hiyo alileta biskuti. Alipoona hakuna anayekosa kazi, akauliza, wakamwambia. Aliuliza jina linaandikwaje na huyo mama anakaa wapi. Effie alimjibu kwamba anakaa juu kilimani, safu ya tatu, ubavuni mwa mumewe, Mjomba Azariah. Bwana Whitcombe akaandika. Hakuna aliyefikiri kumwambia lile sharti, kama vile hakuna anayemwambia mtu mzima kwamba maji hulowesha. Na ile oda ya mikeka, ambayo hatimaye alikuwa ameijaza na kubakiza sahihi tu, akairudisha kwenye droo, maana hakukuwa tena na anayeumwa.

Ijumaa ya mwisho ya Juni, wakati wa chai, aliingia na keki. Ilikuwa kubwa, yenye sukari nyeupe juu, na alikuwa ameiagiza mjini kwa fedha zake mwenyewe. Melvina aliona jina lililoandikwa juu yake. Alianza kumwendea akiwa ameinua mkono, na Bwana Whitcombe akadhani anakuja kumpa mkono, akatabasamu.

"Kwa niaba ya kiwanda chote," alisema kwenye kipaza sauti, "asante sana, Shangazi Drusilla."

Mfereji wa katikati ulikoroma. Ile mibano ilipanda kutoka baharini kwa njia ya mfereji, ikatambaa juu ya saruji, na kila mmoja ulimjua mwenyewe. Wanawake kumi na mmoja wakapinda. Bwana Whitcombe aliweka keki chini, akakimbia kutafuta viti, akavua koti lake akamfunika nalo Effie. Effie, paji la uso likiwa limegusa meza, alimwambia kwamba keki inaonekana nzuri, lakini siku nyingine aiache adabu nyumbani.

Walipomweleza, aliomba radhi kwa kila mmoja wao. Melvina, akiwa bado ameinama, alimuuliza habari za mikeka. Alisema bajeti ya mwaka imefungwa jana, itakuwa mwakani. Alipolisema neno hilo alikuwa na huzuni ya kweli.

Alfajiri tatu zikapita na birika kimya. Zilikuwa zimebaki siku sita Corinna afike.

Siku ya nne, kiza kikiwa bado hakijaisha, Melvina alivaa koti, akachukua birika. Selby alitaka kumpeleka kwa gari. Melvina alimkumbusha kwamba barabara haifiki kule. Basi Selby akampa fimbo, akamfuata nyuma ameitanua mikono kidogo, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Melvina alisimama mara nne njiani, na mara ya tatu ilikuwa ndefu. Hakurudi. Selby alibaki kwenye geti la makaburi, akageuza uso upande wa bahari ili wanawake wazungumze.

Shangazi Drusilla alikuwa ameketi juu ya jiwe lake. Mguu wake wa kulia ulikuwa mbele yake, kigimbi kimejikunja kama ngumi.

"Tangu ile keki siwezi kushuka," alisema.

Melvina aliutazama ule mguu. Aliujua mkunjo wake kama anavyoujua wa kwake.

"Kumbe na wewe unabanwa?"

"Miaka arobaini kwenye sakafu ile, unadhani nini? Nimekufa nao. Nilikuwa nikija kwenu nao hivyohivyo. Mwenye mkono hajifanyii."

"Hukusema, Shangazi."

"Mlikatazwa kunishukuru, mwanangu. Kuniuliza hamkukatazwa."

Melvina aliiweka fimbo chini. Aliketi kwenye majani mabichi, ikamchukua muda kuketi, akauweka ule mguu mapajani. Hakuwahi kufanya hivyo, lakini alikuwa amefanyiwa alfajiri nyingi. Alitafuta kwa kidole gumba, akapata, akavuta. Lilikuwa fundo la zamani, gumu kama kamba ya nanga, na lilimgharimu mpaka kulipopambazuka. Alipolitia ndani ya birika, kifuniko kiliruka, ikabidi akikandamize kwa kiganja.

Shangazi aliunyoosha mguu. Aliukunja, akaunyoosha tena. Alifungua kinywa, akakifunga, akatazama baharini.

"Upepo umegeuka," alisema.

Kisha akamweleza yaliyobaki. Mkono ukishashukuriwa mbele ya watu, kazi yake imekwisha. Sasa ni wa Melvina. Kwa kuwa Melvina naye hawezi kujifanyia, amfundishe Effie.

Effie alijifunza kwa siku mbili, kwenye kigimbi cha Melvina, kwa matusi mengi na chai ya maziwa ya kopo. Alidai kwamba ule si mguu, ni gogo. Siku ya pili, jioni, fundo lilimtoka Melvina mkononi mwa Effie, na kifuniko kikagonga. Melvina alimwambia kwamba upepo umegeuka. Effie alisema ameshasikia.

Corinna alifika Jumapili. Melvina alisimama kwenye mlango wa nyuma, miguu yote miwili imekanyaga, akapokea kichanga. Alikuwa msichana, jina lake Odette, na alinukia maziwa. Melvina alikaa naye hivyo, amesimama, mpaka chai ikapoa. Mikono haikufunguka. Alimrudisha kwa mama yake alipotaka yeye, na hakutaka upesi.

Mikeka haikuja. Saa moja kila asubuhi maji yenye barafu yalifunguliwa juu ya saruji kama kawaida. Wakati wa chai wanawake, ambao sasa walikuwa wamefundishana, walipindua trei, wakaketi wawili wawili, huyu mguu wake mapajani mwa yule, na mabirika yakapangwa ukutani yakitetemeka. Bwana Whitcombe aliwaongezea dakika tano, akapita katikati yao ameibana midomo yake kwa makini, asante isimponyoke. Jumatatu Melvina aliandika barua ya themanini, akaiweka mezani kwake.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, alipanda mlima na Odette amefungwa kifuani. Selby alibeba birika. Miaka arobaini haitoki kwa mkao mmoja, na chini ya fundo lile la kwanza palikuwa na mengine. Melvina alivuta moja, akalifunika. Kifuniko kiligonga, na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Shangazi Drusilla alimpa kidole, mtoto akakishika.

Melvina aliposimama kuondoka, Shangazi alitazama kule bondeni kwa muda, lilipo bati la kiwanda na mvuke uliokuwa umeanza kupanda. Akashusha koti lake juu ya goti. Akauliza, kama mtu asiyejali sana jibu:

"Alhamisi mtapita tena?"