Chozi Kwenye Pindo la Gauni

Shangazi yangu ni fundi cherehani asiyejua neno "inatosha". Kitambaa kikikatwa mshazari hurefuka chenyewe, kwa hiyo mafundi hukitundika usiku mmoja kabla ya kukunja pindo. Yeye hukitundika wiki mbili. Gauni langu la harusi alilitundika kwenye kibaraza cha nyuma, akatia kufuli mlangoni, akaenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Ufunguo aliondoka nao, maana mimi, bibi harusi mwenyewe, siaminiki.

Aliporudi, harusi ikiwa keshokutwa, tulifungua mlango pamoja. Gauni lilikuwa limenyooka vizuri sana. Kwenye pindo, upande wa kushoto, kilining'inia kiota cha nyasi na utando wa buibui, na ndani yake mayai mawili. Juu ya boriti ndege dume, yule mdogo aitwaye chozi, alikuwa akitufokea: kichwa cha kijani kinachometameta, mkanda mwekundu kifuani, manjano kwapani. Chozi huyu yuko kwenye milima yetu tu, duniani kote hayupo kwingine. Wageni hupanda na darubini, wakateremka na malengelenge bila kumwona. Na huyu hapa, kajenga kwenye gauni langu bila hata hodi. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba natakiwa kulivaa.

Shangazi hakufurahi. Alilizunguka gauni, akalipima kwa macho, akajibwaga kwenye kigoda. Nilimwambia tuliache mpaka makinda waruke. Nitaazima gauni la wifi yangu, tunalingana kimo. Hapo ndipo alipoinuka.

"Nimekushonea tangu uko kwenye nepi," alisema. "Leo uolewe na nguo ya kuazima, na mimi nipo?"

Akachukua mkasi. Nilidhani kiota kimekwisha, nikamshika mkono. Aliniondoa taratibu, akafunga uzi mnene kwenye kitambaa juu kidogo ya kiota, ncha ya pili akaifunga kwenye boriti, kisha akakata gauni alilohangaikia miezi, akizunguka kiota. Huyu ni mwanamke anayefumua mshono mzima kwa sababu ya tundu moja la sindano lililokwenda upande. Kiota kilibaki palepale kikining'inia, na dume akazidi kututukana. Jioni jike alirudi, akaingia, akaacha mdomo tu nje. Tulicheka chinichini kama wezi.

Siku ya harusi nilitembea na pengo pindoni, kifundo cha mguu nje, na minong'ono ikinifuata. Bwana harusi aliniuliza sikioni kama nilinaswa na mlango. Nikamwambia tuna wapangaji.

Shangazi huenda harusini kuangalia mapindo. Bibi harusi wa watu anaweza kuota pembe na yeye asione. Nilipofika alipoketi nilimgeukia, nikiogopa atakuwa amekodolea lile pengo. Hakuwa akitazama chini. Alikuwa ananitazama usoni, na anacheka.