Beseni la Mwarobaini

"Ongeza ya moto, Mama Amira. Haya yamepoa."

Yamepoa wapi! Mwanne alichovya kidole kwenye beseni akakichomoa upesi. Maji ya mwarobaini na chumvi yalikuwa yakifuka mvuke chumba kizima, na mumewe amekaa kitandani, miguu ndani, ametulia.

"Yanaunguza, Baba Amira."

"Kwangu baridi. Ongeza bwana, niwahi kazini."

Akaongeza. Angefanyaje? Khalfani ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka Kariakoo, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Tangu mfungo nyayo zilikuwa zikimwaka moto. Shuka likimgusa tu, mtu mzima yule analia. Zahanati walimpima sukari, wakampa vidonge na Panadol, wakaita, "Mwingine!" Kwamba sukari inaua mishipa ya fahamu, kwamba mguu huohuo unaowaka unaweza usiujue moto wa kweli, hakuna aliyefungua mdomo. Majirani ndio waliosema: mkande. Na kukanda Mwanne anakujua. Wazazi wangapi waliotoka kujifungua amewakanda pale uani!

Alipomfuta, ngozi ya unyayo wa kulia ikabaki kwenye kanga. Khalfani alikuwa anatafuta ndala zake.

"Sasa unalia nini, mke wangu?" akauliza.

Hospitali, kwenye chumba cha vidonda, nesi alifungua ile kanga akaguna.

"Nani kamchemsha huyu? Nyie watu mkoje? Mgonjwa wa sukari hakandwi! Hamkuambiwa?"

Tuambiwe na nani, Mwanne alitaka kusema, akainama kuichukua ile kanga.

"Si nauliza? Nani kamkanda?"

"Mwenyewe," Khalfani akadakia. "Huyu alinikataza, nikawa mbishi."

Mwanne akamwangalia. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akidanganya, na moyo ukamuuma kuliko kama angemtukana.

"Haya, kaeni nje mumsubiri daktari. Mguu ukibaki, mshukuru Mungu," nesi akasema. "Mwingine!"

Nje benchi lilikuwa limejaa watu wenye sukari, na wa mwisho wa foleni walikuwa wamekaa sakafuni. Mwanne akamkalisha mumewe, halafu akabaki amesimama mbele yao, kanga yenye majimaji mkononi.

"Jamani," akasema, "miguu ikiwawaka msikandwe na maji ya moto. Msikubali, hata akitaka kuwakanda mke." Khalfani akamvuta gauni anyamaze. Hakunyamaza. "Huyu wangu nimemuunguza mimi."