Ampea Zilizopungua

Jumatatu saa nne asubuhi Kasilda aliweka kompyuta ya marehemu mumewe juu ya meza ya Layla, katika duka la vifaa vya umeme nyuma ya soko la Gitega, akaifungua kutoka kwenye kanga aliyokuwa ameiviringishia. Alisema anatafuta chaja, maana Muyinga ameikosa. Layla, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia juu ya hijabu, alimuuliza ile ya kwanza iko wapi. Kasilda alieleza kwamba iliondoka wakati wa msiba. Mtu aliiazima kwa ajili ya kompyuta ya kwaya, na baada ya mazishi hakuna aliyekumbuka ni nani. Layla alisema misiba imekula chaja nyingi kuliko panya.

Aliigeuza kompyuta tumbo juu, akavaa miwani, akasoma kibandiko. Volti kumi na tisa na nusu. Ampea nne nukta sita mbili. Kisha akachungulia tundu: la duara, dogo, lenye sindano nyembamba katikati. Layla alikuwa mtu wa kufundisha hata asipoombwa, naye alimfundisha Kasilda kwa ncha ya bisibisi. Volti za chaja lazima zilingane na za mashine, zikizidi zinaunguza. Ampea zikizidi si neno, maana mashine huchukua kiasi chake tu, kama mgeni mwenye adabu mbele ya sahani ya nyama. Zikipungua ndipo pana kazi. Na kichwa cha waya kikiingia kwa kulazimishwa, basi hicho si chake.

Alivuta boksi la chaja kuukuu kutoka chini ya meza. Zilikuwa zimesukana nyaya, na ilimchukua muda kuzitenganisha moja moja na kusoma migongo yao. Nyingi zilikuwa na volti za mashine nyingine. Mbili zilikuwa na volti sawa lakini vichwa vinene. Mwishowe ikapatikana moja ambayo kichwa chake kiliingia kwenye tundu bila ubishi. Volti kumi na tisa na nusu. Ampea mbili nukta tatu moja.

"Mi iko na hii moja tu, mama," alisema Layla, akichanganya na Kifaransa chake cha mjini. "Volti iko bien, kichwa iko bien. Mais moto yake ni nusu. Ile nusu inakosa, itachukua kwa mwenye kukaa karibu."

Kasilda aliuliza kama kamili inaweza kupatikana. Layla alisema inaweza kuletwa kutoka Bujumbura baada ya wiki tatu, kama mafuta ya magari yatapatikana, na siku hizo mafuta yalikuwa kama mwezi wa Idi, kila mtu akimuuliza mwenzake kama ameyaona. Kikao cha Kasilda huko Muyinga kilikuwa Alhamisi. Alichukua ile ya nusu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijisemea, naye alikuwa hajajua bado nusu yenyewe ni ipi.

Jambo lenyewe lilikuwa shamba. Kasilda na mumewe Yakobo walikulia kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, wakaoana huko, wakarudi Burundi na watoto wawili. Walifikia kilima cha baba yake Yakobo huko Giteranyi. Shamba walilikuta, lakini nusu yake ya juu ilikuwa ikilimwa na jirani aitwaye Egidius, aliyeikuta ikilimwa na baba yake na hakuona sababu ya kuuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwasalimu kila asubuhi akiwa amesimama ndani ya mihogo yao.

Yakobo alimtafuta mzee Kastori, mtu pekee aliyekuwa hai kati ya waliopanda minyaa ya mpaka. Simu yenye kamera hawakuwa nayo. Walikuwa na hiyo kompyuta, aliyopewa Yakobo na mradi fulani wa walimu, na kamera yake inamtazama anayeitumia. Kwa hiyo Kasilda aliibeba ikiwa wazi, uso wake ukiwaelekea wanaume wawili, akapanda kilima kinyumenyume kwa dakika kumi na nne huku mzee akigonga kila mnyaa kwa fimbo na kutaja aliyeupanda. Mzee Kastori alifariki mwezi uliofuata. Yakobo alifariki baada yake, kwa homa ya siku sita. Barua ya ofisi ya mipaka ilisema mlalamikaji asiyefika na ushahidi wake faili lake litafungwa, na shamba litabaki kwa anayelilima.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Kasilda hakumwambia mtu. Mwishoni mwa ile video Yakobo anamwita kwa jina. Tangu mazishi hakuwahi kuisikia tena sauti yake, na kwa miezi kumi na moja alikuwa ameihifadhi hiyo dakika ya mwisho bila kuigusa, kama nguo ya Krismasi. Alimkosa sana mumewe. Alimkosa zaidi alfajiri, wakati wa kwenda shamba, na kumkosa huko kulikuwa kama mtu wa nne wa nyumbani, anayekula na kulala pamoja nao.

Jumatano mchana alikuwa Muyinga mjini, kwa wifi yake Martha, dada ya Yakobo, mwuza nguo za mitumba. Kwa Martha kulikuwa na umeme mchana. Kasilda aliichomeka chaja ukutani, akaichomeka kwenye kompyuta, kisha akavuta jiko la makaa kutoka uani na kuliweka karibu, kwa sababu Layla alisema moto haukutosha. Namba kwenye kioo ilikuwa asilimia nne. Alipepea makaa yakawa mekundu. Namba ilibaki nne. Martha alirudi kutoka uani na kukuta kompyuta inapashwa joto kama mtoto mchanga, akauliza kama inaumwa.

Walimpigia Layla simu.

"Mi nilisema moto," alisema Layla. "Sikusema makaa."

Kwa Layla, kama kwa watu wengi wa mjini Gitega, moto ni ule unaopita kwenye waya. Kwa Kasilda, aliyekulia Tanzania, moto ni wa kuni na makaa, na ule wa waya unaitwa umeme. Aliuliza basi hiyo nusu nyingine itoke wapi.

"Iko ndani yako, mama. Si uko na moto? Ukae tu karibu."

Martha akasema kumbe ni zile. Anazijua. Mwaka juzi aliwahi kukaa karibu na kompyuta ya mpwa wake yenye chaja ya namna hiyo, saa tatu nzima, akipanga nguo. Joto la vidole lilirudi baada ya wiki mbili. Hamu ya kuimba haikurudi mpaka leo, na ndiyo maana aliacha kwaya, ingawa watu walidhani amegombana na mwalimu wa sauti. Alisema angependa kusaidia, lakini mwuza nguo hawezi kuuza bila hamu, na kesho ilikuwa siku ya soko. Akahamisha kigoda chake hadi upande wa pili wa chumba, akaendelea kuchagua maharagwe.

Kasilda alirudisha jiko uani, akakaa karibu na kompyuta. Namba ikawa tano. Alipotoka kwenda kuteka maji ilisimama kwenye kumi na moja, na aliporudi ikaendelea.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Martha kutoka upande wake, akitazama kioo kwa mbali. Kwa upande wa Kasilda ilikuwa bandu bandu huisha gogo, lakini hakuna aliyelisema hilo.

Vidole vilitangulia. Alivitazama vikiwa vyeupe kidogo kwenye kucha, akavificha kwenye kwapa, na kwapa nalo halikuwa na cha kuvipa. Ilipofika asilimia thelathini alikumbuka kikao na akagundua kwamba hakiogopi tena, jambo ambalo lilikuwa nafuu. Aliinua sufuria ya maharagwe bila kitambaa, na ni Martha aliyesikia harufu ya ngozi na kumwambia aiweke chini. Walipaka asali. Wakati wa kula Martha alisimulia habari za mchungaji wa Gasorwe na mbuzi aliyekula sadaka, hadithi ambayo siku zote ilimvunja Kasilda mbavu. Kasilda aliisikiliza mpaka mwisho. Alielewa kwamba ilikuwa ya kuchekesha.

Kabla ya magharibi ilikuwa imejaa. Alichomoa chaja, akaukunja waya, akaviringisha kompyuta kwenye kanga. Alijaribu kumfikiria Yakobo, kwa sababu saa hiyo ndiyo aliyokuwa akirudi kutoka shule. Alimwona vizuri: shati, baiskeli, chaki kwenye mkono wa koti. Hakuna kilichomuuma. Aliogopa kidogo, hofu ndogo iliyokuwa imebaki mahali fulani, kisha nayo ikatulia.

Ofisi ya mipaka ilikuwa na chumba kimoja kirefu. Meza za wafanyakazi zilipangwa mwisho wake, zote zikiwa zimesukumwa mpaka ukutani, na wafanyakazi walivaa masweta ingawa jua lilikuwa linawaka. Kiti cha mlalamikaji kilikuwa upande huu, chini ya soketi pekee, na rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka pale ambapo watu wengi waliegemeza mabega. Betri ya kompyuta ilikuwa imechoka, haiwezi kumaliza dakika kumi na nne peke yake, hivyo Kasilda akachomeka tena chaja na kukaa. Egidius alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alimsalimia, akamuuliza habari za watoto.

Mkuu wa kikao aliitwa Imelda, mwanamke mpole aliyekuwa na mafua. Alipokisikia Kirundi cha Kasilda, kile cha kambini, aliamua kuendesha kikao kwa Kiswahili ili mama asipate shida. Aliomba video ianze.

Mzee Kastori alitokea, akagonga mnyaa wa kwanza. Akagonga wa pili. Yakobo alikuwa nyuma yake na daftari, akirudia kila jina kwa sauti ya darasani. Kilima kilipanda kwenye kioo, kikiyumba, kwa sababu aliyekibeba alikuwa akitembea kinyumenyume. Egidius alisogea kutoka mlangoni ili aone vizuri. Walipofika kwenye minyaa mitatu ya juu, alitingisha kichwa na kusema kwamba hapo ndipo, baba yake aliwahi kumwonyesha. Imelda akaandika hilo pia.

Kisha mzee akachoka na kukaa juu ya jiwe. Yakobo alifunga daftari, akaangalia moja kwa moja kwenye kamera.

"Kasilda," alisema. "Zima sasa, mke wangu, usimalize chaji. Njoo tumshike mzee mkono, tushuke naye."

"Abee," akajibu Kasilda.

Alijibu kwa mazoea, kama anavyojibu mtu yeyote akiitwa. Kioo kikawa cheusi. Alingoja kidogo, mikono mapajani, kwa sababu alijua kwamba hapo ndipo palikuwa na kitu alichokitunza miezi kumi na moja. Alilijua jina lake, na sauti aliitambua. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo, mwalimu, aliyezungumza kwa adabu. Imelda alimuuliza Egidius kama ana la kuongeza, akasema hana. Aliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba marehemu aliita na mjane akaitika.

Imelda alisema ushahidi ni mzuri, kuliko mwingi aliouona mwaka huo. Ilibaki tu wakubwa wawili wauone, nao walikuwa safarini, mmoja atakuja Jumanne, mwingine Jumanne ya pili yake. Kunakili video hairuhusiwi. Lazima ionekane ikitembea kwenye mashine yake yenyewe, mbele ya mlalamikaji, hapo hapo kwenye kiti. Hadi wakati huo Egidius aendelee kulima, maana msimu haungoji.

Juu ya meza ya Imelda kulikuwa na kompyuta ya ofisi, na chaja yake ilikuwa imelala ubavuni, mgongo ukitazama juu. Kasilda alikuwa amejifunza kusoma migongo ya chaja. Alisogea akaisoma: volti kumi na tisa na nusu, ampea nne nukta sita mbili. Kichwa kilikuwa kilekile, cha duara, chenye tundu la sindano. Aliuliza kama Jumanne anaweza kuchomeka hiyo, kwa dakika kumi na nne tu.

"Ile ni ya Leta, mama, ya serikali," alisema Imelda, akipangusa pua. "Haichomekwi kwenye mashine ya mtu. Ndiyo utaratibu."

Wafanyakazi wengine walitazama makaratasi yao. Egidius alitazama kofia yake. Imelda akageuza ukurasa wa fomu, ambapo sheria ilitaka kila mlalamikaji aulizwe kabla ya kuondoka, akamuuliza Kasilda kama ana lalamiko lolote kuhusu jinsi alivyohudumiwa.

Kasilda alifikiri. Alijua kwamba palikuwa na neno la kusema hapo, na kwamba Jumatatu, dukani kwa Layla, angelikuwa nalo mdomoni. Alilitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yake yote.

"Sina," alisema.

Imelda akaandika kwamba mlalamikaji hana lalamiko, akamgeuzia fomu na kumwonyesha mahali pa kusaini.