Huko Kuna Baridi?

Watu wa Doha wenye uwezo, Julai ikiingia, hukimbia joto. Ndirangu yeye alikimbia watu. Alijificha ndani ya boti ya chuma, ndefu na nyembamba, ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, imefungwa kamba kwenye gati la The Pearl, kisiwa cha matajiri hapo hapo Doha, na nje joto limefika nyuzi arobaini na nane. Mwenyewe ni Mwingereza, Bwana Nick, aliyeileta kutoka kwao kwa mapenzi tu, maana boti ya namna hiyo ni ya mifereji, baharini haiendi popote. Kazi ya Ndirangu ilikuwa kuiosha na kuilinda, na alilala humo humo.

Sasa sikiliza mtu mzima anavyojifunga kamba mwenyewe. Mwezi wa Mei Bwana Nick alimwambia, "Kiangazi hiki twende wote kwetu, unisaidie na boti yangu nyingine." Wee! Viza haijatoka, Ndirangu ashawatangazia Wakenya wote wa ushirika wao wa maombi. Na sisi tunajijua: mtu akisema anaenda ng'ambo, hatungoji muhuri. Walikusanyika nyumbani kwa Jebet, nesi, kule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Wakala mbuzi, wakamwekea mikono kichwani wakaiombea safari, kisha Jebet akamvisha jaketi zito alilomchagulia mwenyewe. Akalifunga zipu hadi kidevuni, akacheka, "Usinifie huko na baridi." Wahenga walituonya tusikate mbeleko mwana hajazaliwa, lakini nani anasikiliza wahenga mbuzi akiwa mezani?

Siku tatu baadaye viza ilikataliwa. Bwana Nick alisikitika kidogo, akapanda ndege peke yake.

Angesema siku hiyo hiyo, wangemcheka wiki moja yaishe. Hakusema. Ijumaa ya kwanza hakwenda ibadani, wakadhani ameshasafiri, ya pili kusema kukawa kugumu zaidi, na ya tatu, baada ya ibada, Jebet akamwandikia: "Huko kuna baridi?" Ndirangu, fulana imeloa jasho, akamtumia ujumbe wa sauti: "Baridi kali, Jebet. Jaketi ndilo limeniokoa." Tangu hapo kila Ijumaa swali lilikuwa lile lile, na jibu lile lile.

Na alimpenda, tusidanganyane. Hakuwahi kumwambia hilo pia. Kisha Jebet akaandika kwamba mkataba wake umeisha, anarudi Eldoret moja kwa moja, ndege ni Jumamosi. "Ningetaka kukuona kabla sijaenda," aliandika, "lakini Uingereza ni mbali." Kutoka gatini hadi kwa Jebet ni nusu saa kwa teksi.

Jumatano AC ya boti ikafa. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri kitafika wiki ijayo. Hatua hamsini kutoka hapo kulikuwa na maduka yenye ubaridi wa bure, ila mlangoni alisimama Wesley wa Bungoma, mlinzi, aliyekula sahani mbili za yule mbuzi. Ndirangu akajikaza kisabuni, akabaki botini.

Alhamisi adhuhuri hata mafundi wa gati walikuwa wamekatazwa na sheria kufanya kazi juani, hapakuwa na mtu nje. Chuma kilichoma mkono. Alijimwagia maji, yakakauka kabla hajaketi. Kichwa kilimzunguka, akajilaza sakafuni chini ya lile jaketi lililotundikwa kwenye msumari, akaogopa kweli kweli. Akifia humu, nani atamtafuta? Watu wake wote wanajua yuko Uingereza. Akampigia Jebet.

"Jebet, nisikilize. Siko Uingereza. Niko hapa The Pearl, sijatoka hata siku moja. Naja kwako sasa hivi."

"Najua," akasema Jebet.

"Unajua nini?"

"Kila ujumbe uliotuma, adhana inasikika nyuma yako. Nina miaka saba Doha, Ndirangu. Unadhani siijui?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza kila Ijumaa kama kuna baridi, upate pa kuanzia. Na kila Ijumaa ukaniambia kuna baridi." Tangazo la ndege lilisikika nyuma yake. "Niko eyapoti. Walibadilisha ndege, ikawa leo. Mizigo ishapita."

Jebet akasikia Ndirangu anavyohema, na unesi ukamshika. "AC inafanya kazi?"

"Imekufa."

"Basi toka humo. Saa hii! Nenda mahali pa baridi, unywe maji polepole. Unanisikia? Toka."

Alitoka. Jaketi alilishika mkononi, hata hakujua kwa nini. Zile hatua hamsini alizitembea akishikilia ukuta, na Wesley alipomwona akakimbia kumfungulia mlango, akamtafutia kiti, akampa chupa yake ya maji. Baridi ya ndani ilimpiga kwenye fulana iliyoloa jasho, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Wesley aliliangalia jaketi, akatabasamu. "Ndirangu! Umerudi lini, bana?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: jana, na ndege ya usiku. Wesley angeuamini bila shida. Ndirangu akaingiza mkono mmoja kwenye jaketi, kisha wa pili.

"Sikwenda," akasema, akalifunga zipu mwenyewe hadi kidevuni.