Walinzi wa Felekech

Jumatatu asubuhi, katika kliniki ya neva mjini Gondar, Daktari Yeshimebet alimwambia Felekech atazame dari bila kupepesa. Kope zikaanza kushuka, taratibu, mpaka macho yakafumba. Felekech alikuwa mchezaji wa ngoma ya mabega. Harusi ilikuwa haijawa harusi mpaka afike, hadi mwili wake ulipoanza kumgomea kila jua lilipopanda.

"Uvivu," alisema mama mkwe wake, Mama Atsede, pale kwenye benchi. "Asubuhi mzima, mchana hoi. Ugonjwa gani huo unaojua saa?"

Daktari alikuwa ameuchunguza ugonjwa huo tangu ujana wake. Akaeleza kwamba kinga ya mwili imepotoka: badala ya kupigana na maradhi, inawazuia wajumbe wa neva wasiifikie misuli.

Kabla hajamaliza, walinzi wenyewe wa kinga hiyo wakatoka kifuani mwa Felekech. Walikuwa vizee wafupi kama vidole, wamejitanda mashuka mazito ya pamba, fimbo mabegani. Wakasalimu, wakaulizia afya ya kila mtu na ya mifugo yake.

"Karibuni, wazee," alisema daktari. "Mbona mmemfungia mwenye nyumba?"

"Tulidhani wale wajumbe ni wezi," alijibu mkubwa wao. "Kutwa kucha wanabisha hodi!"

"Nami nimeandika habari zenu maisha yangu yote," alisema daktari.

"Tumesikia. Ila ulisema tuna hasira. Sisi tuna bidii tu, mwanangu."

Daktari akacheka, akaahidi kusahihisha.

Mama Atsede ndiye aliyewamiminia kahawa, maana mgeni ni mgeni. Wakatafuna shayiri ya kukaanga, chembe moja watu wawili. Kufikia kikombe cha tatu walikuwa wamekubali kuwapisha wajumbe, mradi Felekech awakumbushe kwa vidonge.

Felekech akainua mikono. Haikuanguka. Mabega yakatikisika, kwanza kwa woga, kisha kama maji yanayochemka. Wagonjwa wakajazana mlangoni wakipiga makofi, muuguzi akapiga vigelegele, wazee wakacheza juu ya meza hadi wakatota jasho. Halafu wakaaga, wakarudi walikotoka.

"Umewasikia wenyewe, Mama," alisema daktari. "Haukuwa uvivu."

"Nimewasikia. Wazee wa heshima kabisa." Mama Atsede akajifunga mtandio. "Lakini mimi, hata wangenifungia hao, ningefagia uwanja."